Dakika Nne za Mashine ya Ognjen

Mtu aliyeingia kituoni saa tatu asubuhi hakuna aliyemfahamu, na hata mkewe angekuwapo angemtambua kwa koti tu. Uso ulikuwa umevimba kama unga uliochachuka. Jicho la kushoto halionekani. Damu ilikuwa imekaukia kwenye masharubu yake meupe, na mkono wa kulia ameuzungushia taulo la jikoni, ameukumbatia kifuani kama abebaye kifaranga. Upepo wa košava ulijipenyeza nyuma yake, ukazirusha fomu zote za kaunta sakafuni.

"Namtaka mwenye kesi ya Ognjen," alisema.

Inspekta Desanka Rakin ndiyo kwanza alikuwa anavua koti, anatoka hospitali.

"Ni mimi. Kaa kwanza, mzee."

"Sikai. Nikikaa siinuki tena."

"Nani kakufanyia hivi?"

"Ngoja nianze nilipoanzia, mwanangu, nisije nikazimia katikati." Akameza mate, akakunja uso kwa maumivu. "Naitwa Milutin Pešut. Natengeneza kompyuta, kule nyuma ya soko. Jana kwenye kiduka cha mikate nikasikia watu wanasema Ognjen alizungumza kwa video na kum wake saa nzima, usiku aliouawa. Kwa ile kompyuta mpakato yake. Nikacheka. Nikasema mbele ya watu wote: huo ni uongo, ile mashine haimalizi dakika tano za picha hai. Naijua kuliko ninavyojua meno yangu." Akatema kipande cha kitu kwenye kiganja cha kushoto, akakitazama. "Na haya yenyewe siku hizi sina hakika nayo."

Akalifungua taulo. Askari wa kaunta aligeuza uso. Vidole vinne vilikuwa vimepondwa, vyeusi, kila kimoja kinaelekea kwake.

"Alinijia leo alfajiri nafungua duka. Kajifunga skafu hadi machoni. Akanitia mkono kwenye jiliwa langu mwenyewe, lile la kubania vyuma, akakaza. Kila akikaza anasema, 'Mashine ni nzima. Sema mashine ni nzima.'"

"Ukasema?"

"Nilisema, bila shaka! Mimi si mtakatifu. Lakini kabla hajanishika sawasawa nilimng'ata. Kidole gumba cha kushoto. Niliusikia mfupa."

Desanka akavaa tena koti.

Kesi yenyewe ilikuwa na siku mbili. Usiku wa Mtakatifu Trifun, siku ambayo mji mzima wa Vršac hupogoa mizabibu ya kwanza na kuimwagia divai shinani, Ognjen Tapavica, mpima ardhi, alikutwa sakafuni kwake, kichwa kimepondwa kwa nguzo ya chuma ya shambani. Kompyuta yake ilikuwa chini ya meza, imefungwa. Aliyekuwa amepiga magoti pembeni yake, mikono imejaa damu, ni Traian, kibarua Mromania kutoka vijiji vya mpakani, aliyekwenda kurudisha mkasi wa kupogolea. Wanaume waliotoka kwenye sherehe walimfikia kabla ya polisi. Walimvunja mbavu nne na taya, na mmoja alimrukia kifuani kwa buti mpaka wenzake walipochoka kutazama.

Kilichomfunga Traian kilikuwa maneno ya mtu mmoja. Strahinja Gavran, mwenye mashamba makubwa ya upande wa kilima, alikuwa kum wa Ognjen, yaani aliyemsimamia ndoa na kumbatizia mtoto, ndugu kuliko ndugu wa tumbo. Maelezo yake yalikuwa mafupi: "Nilizungumza naye kwa video tangu saa mbili hadi saa tatu kamili usiku. Nilimwona kwa macho yangu, kompyuta mapajani, anacheka. Saa tatu nikaenda kwenye sherehe." Huko sherehe watu arobaini walimwona. Basi Ognjen aliuawa baada ya saa tatu, na saa tatu na robo Traian akakutwa pale. Kampuni ya simu, iliyoulizwa juu ya video hiyo, ilisema itajibu baada ya siku kumi. Mwendesha mashtaka hakuwa na siku kumi. Angetia sahihi hati ya mashtaka ya Traian leo, saa kumi jioni.

Asubuhi hiyo Desanka alikuwa amesimama kando ya kitanda cha Traian, mkono wa mgonjwa umefungwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Alimuuliza kama ana neno. Traian alizungumza kupitia meno yaliyofungwa waya, na neno lake halikuwa juu ya kesi.

"Mbuzi wangu, Bela. Juu kilimani, kibandani. Mtoto wake alikufa wiki jana. Siku mbili hajakamuliwa, dada. Kiwele kitapasuka."

"Majirani?"

"Majirani?" Traian alijaribu kucheka, akashika mbavu. "Wanangoja mimi na yeye tufe siku moja."

"Nitakwenda mimi. Leo, kabla ya giza."

"Unajua kukamua?"

"Nitajua," alisema Desanka.

*

Duka la Milutin lilikuwa limevurugwa. Visanduku vya misumari midogo vimemwagwa, na jiliwa mezani bado lilikuwa na ukucha. Desanka aliutoa ukucha ule kwa kibano, akautia kwenye mfuko wa ushahidi, akaandika saa. Milutin alitazama kwingine.

Kabla ya kuja, Desanka alikuwa amempigia Kamanda Bogosav.

"Mtaalamu wa kompyuta wa Belgrade atakuja baada ya wiki tatu," Kamanda alisema.

"Traian hana wiki tatu, afande. Ana saa sita. Nitaifungua mashine mwenyewe mbele ya kamera, fundi ananielekeza."

"Ukiiharibu?"

"Nitaandika kwamba nimeiharibu mimi."

Aliiweka simu yake kwenye rafu, ikirekodi. Akasoma namba ya lakiri ya mfuko wa ushahidi kwa sauti, akaikata, akaitoa mashine. Ilikuwa nzee, ya miaka kumi na moja, pembe zimelika, herufi za kibodi zimefutika.

"Mikono yako, macho yangu," Milutin alisema. Alikataa hospitali, alikubali aspirini mbili na glasi ya rakija, pombe kali ya matunda. "Bisibisi ile ya mpini mwekundu. Skrubu nane. Usizichanganye, ile ya kona ni fupi."

Kifuniko cha chini kilipotoka, Desanka aliona utepe mweupe uliobandikwa ndani, na mwandiko wa kalamu ya wino mzito. Tarehe tatu. Ya tatu ilikuwa ya Januari kumi na tisa mwaka huu, na chini yake: MWISHO. USIPASHE TENA. Pembeni, nywila.

"Nini hii?"

"Daftari la mgonjwa. Mafundi wote wa huku tunaandika ndani, wateja hupoteza karatasi. Chipu ya picha imeshikwa kwenye bodi kwa lehemu, vitone vidogo kama mbegu za mtini. Ikipata joto na kupoa miaka kumi, vitone hupasuka. Tunapuliza hewa moto, lehemu inajishika tena kidogo. Mwezi, miezi mitatu. Mara ya tatu ni kama kumpaka maiti rangi ya mdomo. Nilimwambia Ognjen: andika barua, chora ramani zako, lakini video sahau."

"Wakili wa Strahinja atasema iliharibika usiku ule, ilipoanguka."

"Basi tuiulize yenyewe."

"Na tuulize kila mtu mwingine kwanza," Desanka alisema. "Sitaki mshitakiwa mmoja tu. Nini kingine hugandisha mashine?"

Milutin akamtazama kwa jicho lake moja, akaonekana kumpenda. "Vumbi. Kumbukumbu mbovu. Waya wa skrini. Diski."

Wakaanza. Feni ilikuwa safi na inazunguka bila kukwama. Desanka akaiondoa memori, akaweka nyingine ya dukani, akawasha na kufungua video ya harusi fulani. Kidogo mashine ikavuma. Mistari ya kijani ikashuka toka juu kama mvua, picha ikasimama, na mpiga akodioni akakwama kwenye noti moja: eee-eee-eee.

"Dakika nne na sekunde ishirini," alisema kwenye kamera. "Si memori."

Akaunganisha skrini ya nje. Mistari ileile, mahali palepale. Si waya. Akatazama diski, ilikuwa imara.

"Tungeitoa diski tukaisome penginepo," alisema.

"Imefungwa kwa bodi hii. Mpima ardhi, siri za watu. Ukiitoa inakuwa kigae."

Mwisho Milutin akamwelekeza kuizima chipu ya picha, mashine ibaki na skrini ya kawaida tu, herufi kubwa mbaya. Wakaiacha ifanye kazi nusu saa nzima, inafungua ramani na kuzifunga. Haikuganda. Akaiwasha chipu tena, akacheza harusi. Dakika nne na sekunde kumi. Eee-eee-eee.

"Si uthibitisho bado," Desanka alisema. "Nataka siku."

"Mashine hukumbuka kila inapokufa ghafla. Fungua daftari lake, lile la matukio. Taratibu, kwa skrini ya kawaida."

Orodha ikafunguka. Desanka alisoma huku kidole kikishuka. Desemba, kuganda mara kumi na moja. Januari ishirini, siku moja baada ya kupashwa, hakuna. Januari thelathini, mara mbili, kila mara dakika nne au tano baada ya video kufunguliwa. Februari tatu. Februari tisa. Halafu siku ya Trifun: mashine iliganda saa moja na dakika hamsini usiku. Chini yake hapakuwa na kitu. Haikuwashwa tena hadi asubuhi hii.

Saa mbili usiku, Strahinja alipokuwa akimwona kum wake anacheka, mashine ile ilikuwa imekufa tayari kwa dakika kumi.

"Mbona alisema uongo wa namna hiyo?" Milutin aliuliza. "Angesema simu tu."

"Simu huweka ndani yake orodha ya waliopiga, angejua tutaitazama. Video ya kompyuta aliona ni moshi." Desanka aliendelea kutazama orodha. "Na miaka yote walizungumza hivyo, kila Jumapili. Lakini mara ya mwisho Strahinja ameingia kwa Ognjen lini? Kila mtu aliyekanyaga nyumba ile tangu Desemba alijua mashine inakufa. Mkewe alijua, mtoto alijua. Asiyejua ni mmoja."

"Walikuwa wamegombana."

"Na kum hagombani na kum wake. Afadhali kukiri wizi kuliko hilo. Kwa hiyo alitoa ushahidi wa undugu ambao haukuwapo tena." Akasimama. "Ognjen alikuwa anapima mashamba ya kilimani mwezi huu. Nadhani alikuta mawe ya mpaka yamehama."

Mlango ukafunguliwa, na košava ikavipeperusha vibati vya skrubu.

"Kumbe mko hapa!" Strahinja Gavran alijaza mlango wote. Mkono wa kulia ulikuwa mtupu, mwekundu kwa baridi. Wa kushoto ulikuwa ndani ya glovu ya ngozi. "Milutin, baba, Mungu wangu. Nani kakuumiza hivi?"

Milutin alirudi nyuma hadi ukutani. Lakini mdomo haukunyamaza. "Mbwa mmoja tu. Nimesikia nimemwambukiza kichaa."

"Karibu, bwana Strahinja," Desanka alisema. "Umekuja wakati mzuri. Nisaidie jambo dogo. Mashine hii ilikuwa nzima siku ya Trifun?"

"Nzima kabisa. Nimeshaandika."

"Na Jumapili kabla ya hapo?"

"Kila Jumapili ni nzima. Mimi ni kum wake, binti. Nakula mezani kwake."

"Basi tazama nami harusi hii. Dakika tano tu."

Akaiwasha chipu, akabonyeza. Bibi harusi alicheza, wajomba walirusha glasi. Strahinja alitazama akiwa ameinua kidevu. Dakika ya pili alihamisha uzito wa mwili mguu hadi mguu. Dakika ya nne mvua ya kijani ilishuka, wajomba wakaganda mikono hewani, akodioni ikakwama. Eee-eee-eee.

Desanka aliacha sauti ile iendelee.

"Tangu Desemba iko hivi," alisema. "Vua glovu."

"Nimeungua."

"Vua."

Strahinja alitazama skrini, kisha orodha ya tarehe ambayo Desanka alikuwa ameinakili kwenye karatasi kando yake. Uso wake ulilegea, kama wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba akiwa wa mwisho kuambiwa.

"Hakuniambia," alisema kwa sauti ndogo. "Hata hilo hakuniambia."

Halafu kisu kilikuwa mkononi mwake, kile kilichopinda cha kukatia zabibu, na hakumlenga mtu, aliilenga mashine. Desanka aliingiza mkono wake katikati. Makali yalipita kiganjani toka kidole cha shahada hadi kwenye kifundo, na kwa sekunde nzima hapakuwa na maumivu, palikuwa na weupe tu, kisha damu ikaja yote kwa pamoja. Hakuachia. Alishika kisu kile kwa nyama ya mkono wake huku kiwiko cha kushoto kikipiga koo la Strahinja. Mara moja. Mara mbili. Mtu yule alikuwa ukuta. Alimbamiza Desanka kwenye rafu, na visanduku vikawamwagikia wote wawili.

"Ningemwacha hai kama angenyamaza!" Strahinja alipiga kelele usoni mwake. "Mita tatu za ardhi! Mita tatu, kaniita mwizi, mimi, kum wake!"

Akauvuta mkono wake nyuma apige tena. Hakuwahi. Milutin alikuwa amekishika kipuliza hewa moto kwa mkono wake mzima na kukiwasha, na sasa alikielekeza kwenye shingo ya Strahinja, kwa utulivu wa mtu aliyefanya kazi moja miaka thelathini. Harufu ya nywele ikajaa duka. Strahinja alipiga ukelele, akaanguka kwa magoti, na Desanka akampigiza uso kwenye ukingo wa meza mara moja, kwa nguvu zote alizobakiwa nazo. Alimfunga pingu huku damu yake mwenyewe ikichuruzika juu ya mgongo wa mtu huyo.

Akamvua glovu. Kwenye kidole gumba kulikuwa na nusu mwezi ya meno, nyeusi, imeanza kuvimba.

"Yangu hayo," Milutin alisema. "Lile pengo la kati, unaliona?"

Simu kwenye rafu ilikuwa bado inarekodi.

*

Saa tisa na nusu mwendesha mashtaka aliutazama mkanda mara mbili, akaichana hati ya Traian. Saa kumi daktari wa zamu alimshona Desanka nyuzi tisa.

"Usikunje mkono huu siku kumi," alisema. "Ukiukunja, unarudi hapa, na mimi siwapendi wanaorudi."

Korido ya nje ilikuwa imejaa taa za televisheni. Kamanda Bogosav alikuwa amechana nywele.

"Strahinja yuko tayari kuzungumza, na anataka kuzungumza nawe," alisema. "Sasa hivi, akiwa bado moto. Kamera nazo zinakungoja."

Desanka alitazama dirishani. Jua lilikuwa limegusa mnara wa ngome juu ya kilima.

"Nina kazi kilimani, afande. Itanichukua saa moja na nusu."

"Kazi gani?"

"Mbuzi."

Kamanda alingoja acheke. Hakucheka.

"Rakin. Ukitoka kwenye mlango huo, mahojiano anayafanya Žarko, na kesi inaandikwa jina la Žarko. Miaka sita unangoja cheo. Mbuzi?"

"Žarko anaandika vizuri," Desanka alisema. "Mwambie amuulize juu ya mawe ya mpaka kwanza, kabla ya nguzo. Na amwite fundi Pešut kwa heshima, si 'babu'."

Gari lilipanda hadi barabara ilipokwisha. Kutoka hapo alitembea, košava ikimsukuma kutoka kushoto kama mlevi mwenye ugomvi. Mizabibu ya Strahinja ilisimama kwa safu pande zote mbili, imepogolewa vizuri. Aliliona jiwe la mpaka, na hatua tatu kando yake, shimo dogo lililojazwa udongo mpya.

Alimsikia Bela kabla hajakiona kibanda. Haikuwa sauti ya mbuzi tena. Ilikuwa sauti ya kitu kilichokwama, moja, ndefu, bila kushuka.

Kiwele kilikuwa kigumu kama jiwe, chekundu, kimetanuka mpaka miguu ya nyuma haikuweza kukutana. Desanka alipiga magoti kwenye majani, akaweka ndoo. Alijaribu kwa mkono wa kushoto peke yake. Mbuzi akaruka, akaipindua ndoo. Alijaribu tena. Chuchu moja haikutosha, ilitaka mbili, kwa zamu, bila kusita. Alikuwa amemwona bibi yake akifanya hivyo, miaka mingi iliyopita.

Aliufungua utepe wa bandeji kidogo, akakunja mkono wa kulia.

Uzi wa kwanza ulikatika palepale. Akauma ukosi wa koti, akakamua. Kushoto, kulia. Maziwa ya mwanzo yalitoka mazito, ya manjano, kisha yakaanza kugonga chuma cha ndoo, na Bela alitetemeka ubavuni mwake, akanyamaza. Kushoto, kulia. Matone machache mekundu yaliingia ndooni. Maziwa hayo yangemwagwa. Mbuzi aliinamisha kichwa, akakiegemeza begani kwake, kizito, chenye joto.

Nje jua lilizama. Mahali fulani chini mjini taa za kamera zilikuwa zinazimwa. Alipomaliza upande wa pili, kiwele kilikuwa kimelegea kama mfuko uliotuliwa mzigo, na bado kulikuwa na mwanga kidogo tu mlangoni, wa kutosha kuona mikono.

Alitoa simu kwa mkono wa kushoto, akapiga hospitali, akaomba wamwekee mgonjwa wa kitanda cha saba simu sikioni.

"Traian," alisema. "Bela amekamuliwa. Giza bado."